Barua Ianze na "Marahaba"

MASWALI YA WASOMAJI: UKURASA WA WAANDISHI CHIPUKIZI

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Morogoro. Nimeajiriwa katika ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi pale stendi ya Msamvu, ambako kazi yangu ni kupokea mizigo, kuandika juu ya kila boksi jina na namba ya simu ya mtumaji na ya mpokeaji, kukata risiti, na kuwapigia watu simu mizigo yao inapofika. Usiku ninaandika riwaya. Ni ya kwanza, na hadi sasa imejaza kaunta buku mbili na nusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa miaka 24 anayetamani kuwa mwandishi, na anayefanya kazi kama yangu, anashusha kutoka kwenye buti la basi la alfajiri boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Anaposoma maandishi ya juu anaona kwamba jina la mtumaji ni lake na la mpokeaji ni lake, na namba ya simu iliyoandikwa juu ndiyo iliyoandikwa chini. Anaipiga, anaambiwa namba anayopiga inatumika. Mzigo umelipiwa na mtumaji. Ndani ya boksi kuna kitabu kipya kilichokwisha kuchapishwa, chenye harufu ya wino na jina lake kwenye jalada, pamoja na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa mwaka 2051. Kijana anakinakili kitabu chote neno kwa neno, anakipeleka kwa wachapishaji kama muswada wake, kinatoka, anapata sifa, na siku anapotimiza miaka 51, akiwa sebuleni kwake na tuzo zake ukutani, anachukua nakala ileile aliyoipokea, anaifunga kwa katani, na kuituma kwa kijana aliyekuwa yeye.

Nina maswali matatu. Rafiki yangu aliyesoma sura za mwanzo ameniuliza: kitabu hicho kiliandikwa na nani? Nimeshindwa kumjibu. Pili, mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili ameniambia kwamba mambo ya mtu kupokea mzigo kutoka wakati ujao ni ya Wazungu, na kwamba sisi hatuna fikra za namna hiyo, kwa hiyo niandike kuhusu maisha yetu. Tatu ni jambo dogo lakini linanisumbua: katika barua ile, mzee na kijana wasalimiane vipi, ilhali ni mtu mmoja? Je, mtu anaweza kujiamkia shikamoo?

Mwandishi chipukizi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nimeona kwamba maswali yako matatu yana mzizi mmoja, ambao ni kwamba bado hujaamua kifurushi hicho kina kazi gani katika hadithi yako. Boksi, kamba ya katani na ile simu inayosema inatumika ni vitu vya mtu anayeijua kaunta ya mizigo, na nisingependa uviguse. Tatizo linaanza pale boksi linapofunguliwa.

Swali la rafiki yako limewashughulisha watu wenye elimu kubwa kuliko mimi na yeye. Mwaka 1949 mtaalamu wa mantiki Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein kuhusu mvutano na wakati inaruhusu, angalau kwenye karatasi, ulimwengu ambamo njia ya msafiri hujipinda mpaka ikamrudisha katika wakati wake uliopita. Tangu hapo wanafizikia wamekuwa wakibishana kama jambo hilo linaweza kutokea kweli. Stephen Hawking, ambaye hakuliamini, aliandaa karamu huko Cambridge, Uingereza, tarehe 28 Juni 2009 na kutoa mialiko baada ya karamu kwisha, ili wahudhurie wale tu wanaoweza kurudi nyuma. Vinywaji vilikuwapo, wageni hawakuja. Wewe lakini ni mtunzi, na mtunzi haombi ruhusa ya Cambridge. Anachotakiwa ni kujua amejenga nini.

Ulichojenga si kisa kinachojipinga chenyewe. Kisa kinachojipinga ni kile cha mtu anayerudi nyuma na kumuua babu yake kabla babu hajaoa, kwa kuwa hapo muuaji hazaliwi, na asipozaliwa hakuna wa kuua. Katika riwaya yako hakuna tukio linalofuta jingine, kwani kila jambo linaliita lenzake mpaka duara likafunga. Mwanafizikia Mrusi Igor Novikov alitetea, katika miaka ya 1980, kanuni kwamba iwapo safari za namna hii zinawezekana, basi yatakayotokea ni yale tu yanayopatana na yaliyokwisha kutokea. Kwa kipimo hicho umefaulu. Kipimo unachoshindwa ni kingine, na kilielezwa vizuri na mwanafizikia David Deutsch na mwanafalsafa Michael Lockwood katika makala yao ya mwaka 1994. Walitoa mfano wa mhakiki wa sanaa anayerudi nyuma kumtembelea mchoraji ambaye baadaye atasifiwa sana. Anakuta picha zake za wakati ule ni za kawaida mno, anamwonyesha kitabu chenye nakala za picha zake za baadaye, na mchoraji anaziiga kwa rangi. Picha zipo kwa sababu zimenakiliwa kutoka kitabuni, nacho kitabu kipo kwa sababu ya picha. Hakuna neno linalopingana na jingine hapo, lakini hakuna pia mtu aliyekaa akafikiri, akakosea, akafuta, akachora tena. Kazi imepatikana bila mfanyakazi.

Kwa hiyo mjibu rafiki yako kwamba kitabu hicho hakikuandikwa na mtu yeyote. Kisha jiulize kwa nini jibu hilo linamkera. Watu wetu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kijana wako amekipata cha mvunguni akiwa amesimama wima, mikono mifukoni. Msomaji atamkubalia muujiza wa basi linalotoka mwaka 2051, kwa sababu huo ni mkopo anaompa kila mtunzi katika ukurasa wa kwanza, lakini hatamsamehe mtu aliyepewa kitabu cha bure na kukitia jina lake, hata kama jina lilikuwamo tayari.

Kuna kasoro nyingine ambayo rafiki yako hakuiona, nami naitaja kwa sababu wasomaji wa hadithi za namna hii ni wakali kuliko wahasibu. Umesema mzee anatuma nakala ileile aliyoipokea. Basi nakala hiyo imekaa rafuni miaka 27, kutoka 2024 hadi 2051, jalada limepauka na gundi ya mgongo imekauka, kisha inamfikia kijana ikiwa katika hali hiyo. Lakini kijana hupokea kitabu kipya, kwa maelezo yako mwenyewe, chenye harufu ya wino. Kingekuwa kilekile, kingezeeka miaka 27 katika kila mzunguko, na hakuna mtambo wa uchapaji ambamo kiliwahi kuchapwa. Maneno yanaweza kuzunguka kwenye duara bila kuchakaa, lakini karatasi haiwezi. Kama utashikilia kisa chako kilivyo, mzee atume nakala nyingine.

Mimi nisingekishikilia. Niruhusu nikueleze jambo lililonipata, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisimame nilipofika mahali boksi linapofunguliwa. Nilipokuwa na umri kama wako nilipeleka muswada wangu wa kwanza kwa kampuni moja ya uchapishaji. Ulikaa huko miezi kumi na minne, na siku uliporudi bahasha ya kaki ilikuwa imechanika pembeni, imezibwa kwa utepe, na barua iliyoambatanishwa ilikuwa na sentensi mbili ambazo yeyote aliyewahi kukataliwa anazijua. Ndani, hata hivyo, kulikuwa na mtu. Mhariri fulani, ambaye sikuwahi kujua jina lake, alikuwa ameusoma kwa penseli mpaka ukurasa wa 31. Nilikuwa nimeufungua ukurasa wa kwanza kwa aya nzima kuhusu jua linavyochomoza, miale yake, dhahabu yake na ndege wake. Aliikata aya hiyo kwa mstari mmoja wa mshazari na kuandika pembeni: "Jua tunalijua. Anza na mtu."

Nilikasirika, nikausukuma muswada chini ya kitanda. Mwaka uliofuata nilianza riwaya nyingine, na kwa kuwa nilikuwa nimeonywa kuhusu jua linalochomoza, niliianza na jua linalozama. Ilinichukua riwaya ya tatu, na aya yangu ya tatu ya mandhari niliyoikata kwa mkono wangu mwenyewe, kuelewa kwamba mtu wa penseli hakuwa na ugomvi na jua.

Sasa rudi kwenye boksi lako. Mzee wa miaka 51 asitume kitabu. Atume kurasa alizozikata. Kijana akate kamba, ainue vifuniko, akute mrundo wa karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko anaoujua, kwa sababu ni wake, na kila ukurasa una mistari iliyofutwa. Na kila mahali palipokuwa na sentensi iliyobaki katika kitabu, mzee ameikata kwa wembe na kuitoa, ukurasa ukawa na madirisha. Kinachosomeka ni kilichokataliwa tu. Kijana anajua kwamba kitabu kipo mahali fulani katika miaka inayokuja, anajua kina urefu gani, anaweza hata kupitisha vidole kwenye matundu ya karatasi, lakini hana sentensi moja ya kunakili. Ana makosa yake yote, na sababu ya kila kosa imeandikwa pembeni.

Rafiki yako, kama ni mkali ninavyomdhania, atakuuliza mara moja: kijana akishayaona makosa hayo si atayaepuka, na akiyaepuka mzee ameyatoa wapi makosa ya kukata? Hapo ndipo nakwambia riwaya yako inapoanza. Kijana atayarudia. Atasoma pale mzee alipoandika kwamba mama wa mhusika asihubiri, atatikisa kichwa kukubali, na baada ya miezi miwili ataandika mama anayehubiri kurasa sita, kwa sababu kosa la uandishi halieleweki mpaka mkono wako wenyewe uwe umelitenda. Kanuni ya Novikov itakuwa imetimia bila wewe kumtaja Novikov, na yeyote aliyewahi kuandika atajua kwamba husemi uongo. Halafu jambo moja dogo la kaunta yenu: umeandika kwamba mzigo huo ulikuwa umelipiwa na mtumaji. Mimi ningeandika kwamba analipa mpokeaji, na ningemfanya kijana aanze kuchakura mifukoni mbele ya kondakta.

Kuhusu barua iliyomo ndani, nakushauri mzee asitangaze mafanikio. Ulivyomwandika, anatuma mzigo kutoka sebuleni, tuzo zikiwa ukutani, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kutuma kitu. Wanaotuma vifurushi kuvuka miaka ni watu wasiojua kama vitafika. Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, na ambaye mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu, alikuwa na desturi ya kujiandikia mwenyewe katika daftari zake. Mwaka 1988 aliandika katika daftari moja kwamba vitabu vyake vitaingia katika orodha ya vile vinavyouzwa kuliko vyote, kwamba atawalipia vijana Weusi maskini waende kwenye warsha za uandishi, kwamba mama yake atapata matibabu mazuri, na akajiamuru ahakikishe yanakuwa. Daftari hizo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Huntington, huko San Marino, California. Alifariki mwaka 2006. Riwaya yake ya mwaka 1993 iliingia katika orodha ya gazeti la New York Times Septemba 2020, miaka 14 baada ya kifo chake. Na hapa kwetu, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, ilhali Kufikirika ilitoka 1967 na Utubora Mkulima 1968. Msomaji wa leo anayevishika vitabu hivyo ameshika mzigo ambao mtumaji hakuusubiri apewe risiti. Sisemi umuue mzee wako. Nasema asijue yote, na hata analolijua alifiche kidogo.

Nije kwa mwalimu wako, ambaye namheshimu kwa sababu amekufundisha kupanga sentensi. Huenda anakumbuka hoja ya mwanafalsafa wa Kenya, John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika alidai kwamba wakati katika fikra zetu za jadi una pande mbili tu, zamani iliyo ndefu na sasa iliyo fupi, huku wakati ujao wa mbali ukiwa karibu haupo. Alitumia maneno ya Kiswahili kabisa, Sasa na Zamani, kuwa majina ya pande hizo, ingawa ushahidi wake wa sarufi aliutoa katika Kikamba na Kikikuyu. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga, na mimi nikiwa mtu wa maneno tu nina kipingamizi kidogo cha kuongeza. Kiswahili kina kesho, kina keshokutwa, kina mtondo, kina mtondogoo: siku nne zijazo, kila moja na jina lake. Wengi wetu tumezisahau mbili za mwisho na tunasema "siku ya tatu" na "siku ya nne", lakini hilo ni kosa letu, lugha haina lawama. Watu wa pwani walipiga ramli na kutazama nyota kabla ya kusafiri na kabla ya kuoza binti. Shaaban Robert naye aliipa nusu ya tawasifu yake jina la Baada ya Miaka Hamsini. Mwalimu amekwambia uandike kuhusu maisha yetu. Stendi ya Msamvu saa kumi na moja alfajiri ni maisha yetu, na boksi lililotoka mahali pasipojulikana ni jambo ambalo wewe, kwa kazi yako, umeliona zaidi kuliko yeye.

Swali la shikamoo umeliita dogo. Mimi naona ndilo bora katika yote uliyoniuliza, na ni swali ambalo mwandishi wa Kiingereza hawezi kuliuliza hata akitaka. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Anayeandika barua ana miaka 51 na anayeisoma ana 24, kwa hiyo mzee hawezi kuamkia, na kijana hana pa kuamkia kwa kuwa barua ni ya upande mmoja. Hata hivyo mzee anakumbuka. Anakumbuka kwamba alipokata kamba ile akiwa na miaka 24, akaona mwandiko wa mtu mzima, shikamoo ilimtoka mdomoni yenyewe, peke yake ofisini, mbele ya mabegi ya watu. Basi barua ianze na neno moja, katika mstari wake, kabla ya tarehe na kabla ya kitu kingine chochote: "Marahaba." Itikio litangulie salamu kwa miaka 27. Msomaji atakayelielewa neno hilo hutahitaji kumweleza kwamba mtumaji na mpokeaji ni mtu mmoja.

Baada ya hapo mwite "wewe", usimwite "mimi wa zamani", maana katika Kiswahili mafungu kama hayo huchosha haraka. Nyakati za vitenzi zikusaidie badala ya kukutesa. Mambo yaleyale ni -li- kwa mzee na -ta- kwa kijana, kwa hiyo mwache mzee akosee mara moja au mbili: aandike "sura ya tano ilinishinda", aikate, aandike juu yake "itakushinda". Kiambishi -ngali- kiepuke katika barua nzima. Ni kiambishi cha majuto, na mtu aliyepata nafasi ya kutuma mzigo nyuma ndiye mtu pekee duniani asiye na haki ya kusema "ningalijua". Na kuhusu ile namba ya simu, hakikisha unaeleza, hata kwa nusu sentensi, imedumu vipi mpaka 2051. Sisi wenye umri wangu tunakumbuka tarakimu za mwanzo za simu zetu za mkononi zilivyobadilishwa, na tutakuuliza.

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi naishi Mombasa na nimeandika mkusanyiko wa hadithi fupi. Kaka yangu aliniambia kwamba kabla sijamwonyesha mtu nijitumie muswada kwa posta ya rejista, niiache bahasha imefungwa, ili mhuri wa posta uwe ushahidi kwamba kazi ni yangu. Nilifanya hivyo miaka mitatu iliyopita. Bahasha iko kabatini chini ya kanga, na sina nakala nyingine kwa sababu kompyuta niliyotumia iliharibika. Sasa nataka kuzipeleka hadithi kwenye shindano lakini naogopa kufungua. Je, nikifungua napoteza haki yangu?

Msomaji wa kike, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam. Barua yako nimeiweka hapa makusudi, kwa kuwa mwenzako wa Morogoro amebuni kifurushi cha mtu kwa nafsi yake, nawe unacho kabatini.

Haki yako haimo ndani ya bahasha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi inalindwa tangu pale inapoandikwa au kuhifadhiwa kwa namna nyingine inayoonekana, na ulinzi huo hudumu uhai wako wote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chako. Kusajili si sharti. Anayetaka kumbukumbu rasmi anaweza kusajili kazi yake kwa hiari katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo wengi wanaijua kwa jina la KECOBO, na cheti chake ni ushahidi mzuri kuliko gundi ya bahasha. Desturi aliyokufundisha kaka yako ni ya zamani na imeenea nchi nyingi, lakini ni dhaifu kwa sababu nyepesi sana: mtu anaweza kujitumia bahasha tupu ambayo hakuifunga vizuri, akaipata ikiwa na mhuri wa tarehe anayoitaka, na kuijaza miaka mitano baadaye. Mahakimu wanalijua hilo. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeeleza wazi kwamba sheria ya nchi hiyo haina kifungu kinachotoa ulinzi kwa njia hiyo. Kinachomsaidia mwandishi kuthibitisha kwamba kazi ni yake ni zile takataka anazozidharau: daftari la mwanzo lenye kufutwafutwa, barua pepe alizojitumia au alizomtumia rafiki zikiwa na rasimu za tarehe mbalimbali, ukurasa wenye maoni ya msomaji wa kwanza. Mwizi anaweza kuwa na kitabu kizima mkononi, lakini ni nadra kuwa na makosa yaliyokizaa.

Jambo linalonitia hofu katika barua yako ni lile ulilolitaja kama la kupita, kwamba hiyo ndiyo nakala pekee. Kanga hazizuii mvujo wa bati wala mchwa. Kwa hiyo fungua. Kama roho bado inasita, piga kwanza picha ya bahasha mbele na nyuma ikiwa imefungwa, mhuri uonekane, kisha uipasue upande wa juu kwa kisu ili mhuri ubaki mzima. Zipige picha kurasa zote kwa simu siku hiyohiyo na ujitumie kwa barua pepe kabla hujaanza kusoma, kwa sababu ukishaanza kusoma hutakuwa na subira ya kupiga picha.

Kisha kaa mezani na kalamu. Uliyeifunga bahasha hiyo ulikuwa mdogo kwa miaka mitatu, na hadithi ambazo alidhani zimekwisha utaziona zinaomba kukatwa kabla hujafika ukurasa wa pili. Zikate kwenye nakala mpya, na hizo za zamani zihifadhi na makosa yake. Shindano lolote utakaloliingia soma masharti yake mwenyewe, hasa kifungu kinachoeleza nani atabaki na haki ya kuchapisha endapo utashinda. Hilo ndilo mahali pa kuogopa, kama lazima uogope mahali. Na ukipenda tuisome hadithi moja katika ukurasa huu, chagua ile uliyoikata zaidi, utuletee kurasa zisizozidi tano. Bahasha ibaki nayo huko Mombasa.